Kiondo Kilichokataa Kutulia Mezani

Mpendwa mama,

Nimekaa kwenye meza ya jikoni, hapa Naro Moru, na kiondo cha mwisho ulichokuwa ukikisuka kiko mbele yangu. Ni Jumapili, nimetoka kanisani, hata viatu sijavua. Mlima ulionekana asubuhi mpaka theluji yake, kisha saa nne ukajifunika kama kawaida, na tangu hapo nimekuwa nikitazama mahali ulipo ili nisilitazame daftari lililo karibu na mkono wangu wa kushoto. Nina hofu, mama. Nakuambia mapema usije ukaanza kuitafuta katikati ya mistari, kama ulivyokuwa ukizifanyia barua zangu za bweni. Ulikuwa unamwita mtu akusomee mara mbili, kisha unasema, "Huyu mtoto iko kitu anaficha."

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyoitumia sokoni Kiriaini na kwa wageni, ukiivunjavunja bila haya yoyote. Hata maneno yako nitayaandika kwa Kiswahili chako kile kile, maana ndivyo ninavyoyasikia nikijaribu kuyaweka kwenye karatasi. Sababu ni kwamba baada yako barua hii lazima isomwe na Wangari wangu, na Kikuyu cha kusoma kinamshinda. Unamjua huyo. Ni wewe tena, jina na kidevu.

Hebu nianze na hayo majina. Mimi ni binti yako wa pili, na kwetu binti wa pili hupewa jina la mama ya mamake. Ukanipa jina la mama yako, Nyaguthii, na tangu siku hiyo hukuniita Nyaguthii hata mara moja. Uliniita maitu, mama yangu. "Maitu, lete maji." "Maitu, umeoga ama umejinyunyizia tu?" Ulinichapa na mwiko nikiwa mama yako, kisha ukanibembeleza nikiwa mama yako. Nilikua nikijua kwamba mimi ni mtoto wa mama yangu na pia mama ya mama yangu, na hakuna mtu yeyote kwenye mwinamo wetu aliyeona kasoro. Nami nilipojaliwa binti wa pili nikampa jina lako, Wangari, na namwita mama mpaka leo. Nimefundisha hisabati miaka zaidi ya thelathini, na sikuwahi kuuliza inawezekanaje.

Unakumbuka nyumba ya cucu, mama yako, ng'ambo ya bonde? Tulikuwa tunaona moshi wa jiko lake. Ukiita kwa nguvu, anaitika. Lakini kufika ni kazi, kushuka mpaka mtoni kisha kupanda upande wa pili kwenye tope. Nilikuwa nimeingia kidato cha kwanza, nina rula mpya, na nilikuwa najua kila kitu. Siku moja ulikuwa unampelekea kuni, kamba ya mzigo imekukaza paji la uso, ukaanza kuifuata ile njia inayozunguka kichwa cha bonde. Nikakusimamisha. Nikachora kwenye vumbi nyumba yetu, nyumba yake, na mstari ulioziunganisha. Nikakuambia hii ndiyo njia fupi, mwalimu amesema, na haina mjadala.

"Ni fupi kwa nani?" ukauliza.

"Kwa kila mtu."

"Hiyo ni fupi kwa ndege. Mimi niko na kuni."

Ukaendelea kutembea. Tulizunguka, hatukushuka wala kupanda sana, na tulipotokea kwa cucu tukawaona wenzetu waliokata bondeni bado wanateleza huko chini wakishikilia majani. Sikukubali kushindwa. Nilikwambia njia yako bado ni ndefu, ila tu haichoshi sana. Ulicheka mpaka kuni zikatikisika.

Nilipokuwa chuo kikuu ndipo nilipogundua kwamba ulichosema kilikuwa na watu wazima wanaokisoma. Mhadhiri alituambia kwamba Mgiriki mmoja wa kale alijenga hesabu yote ya maumbo juu ya makubaliano machache ya mwanzo, mambo ambayo unayakubali bila kuthibitishiwa. Moja lilisema hivi: ukiwa na mstari, na nukta pembeni yake, kuna mstari mmoja tu unaopita kwenye nukta hiyo bila kukutana na ule wa kwanza, hata uende mpaka wapi. Kwa karne nyingi watu walijaribu kulithibitisha, wakashindwa. Kisha wachache wakauliza, je, tukilikataa? Wakalikataa, wakakaa wakingoja hesabu ianguke. Haikuanguka. Ukisema hakuna mstari wa namna hiyo hata mmoja, unapata hesabu ya mpira, ambako pembetatu zinazidi digrii mia na themanini. Ukisema iko mingi, unapata hesabu ya kitu kilichojaa mawimbi, ambako pembetatu zinapungua. Zote tatu ziko sawa. Hakuna inayojipinga yenyewe.

Nilitoka kwenye ule ukumbi kama mtu aliyeibiwa, sikudanganyi. Nilichagua hisabati kwa sababu watu walikuwa wakifa, mvua ilikuwa ikikosa, baba alikuwa ameondoka, na pembetatu peke yake ndiyo ilibaki na mia na themanini kila siku. Sasa hata hiyo nimeambiwa inategemea. Likizo ilipofika nikakueleza yote tukichambua maharagwe uani, nikingoja ushangae.

"Kwani nyinyi mmesoma mlikuwa mnafikiri dunia ni meza?" ukasema.

"Mama, huelewi."

"Naelewa. Sasa ukweli ni gani?"

Nikasema inategemea umekubali nini mwanzoni. Ukanitupia ganda la maharagwe. "Hiyo ni jibu ya mwizi."

Lakini wewe ndiye uliyekuwa unajua, mama, na ulikuwa unajua kwa mikono. Kabla ya chuo na kabla ya rula, uliniketisha ukanifunza kiondo. Uliusokota mkonge kwenye paja mpaka ukawa uzi, ukafunga nyuzi chache katikati, pale tulipopaita kitovu, na ukaanza kuzungusha uzi mwingine kuzishika. Kila mzunguko kitako kinapanuka, kwa hiyo lazima uongeze nyuzi, na hapo ndipo kazi ilipo. Ukiongeza chache, kitako kinajikunja kuwa bakuli kabla ya wakati. Ukiongeza sawasawa, kinalala chapati. Mimi niliongeza nyingi. Changu kilianza kujipindapinda ukingoni, kikawa na mawimbi, nikikibonyeza huku kinainuka kule. Ulikichukua, ukakifumua chote bila kuniuliza, ukasema, "Umeongeza na tamaa. Kitako inataka hesabu." Zile hesabu tatu za mhadhiri zilikuwa mapajani mwako nikiwa na miaka tisa.

Na saba yako, je? Wazee wa rika lako waliikwepa saba, wakisema ina mkosi, na wewe ulizidi wote. Ukihesabu mayai ulisema tano, sita, sita na mwenzake, nane. Nilikuwa nakucheka. Nilikuambia namba haiumi. Ulinijibu kwamba sijaishi vya kutosha kujua ni nini kinauma.

Nilipohamishiwa huku Naro Moru ulikuja kunitembelea, nikakupeleka Nanyuki ukaone bango la ikweta. Palikuwa na jamaa na beseni lenye tundu na vijiti vya kiberiti, anawaonyesha watalii maji yakizunguka kulia upande huu, na akivuka hatua chache, yanazunguka kushoto. Watalii wakapiga makofi. Wewe ulimtazama mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha ukasema kwa sauti ya kanisani, "Hiyo maji inafuata mkono yake. Angalia vile anamwaga." Jamaa akacheka akakuomba usimharibie kazi. Tulipokaa kwenye nyasi nikakuchorea mpira kwenye mfuko wa karatasi. Toka hapa Nanyuki, nikakwambia, uende moja kwa moja mpaka ncha ya kaskazini ya dunia, ugeuke kona ya digrii tisini, ushuke mpaka ikweta tena, ugeuke tisini, uifuate ikweta mpaka nyumbani, na utakuta kona ya mwisho nayo ni tisini. Pembetatu yenye kona tatu za mraba, na moja iko hapa unapokalia.

"Na hiyo umeona ama umeambiwa?"

"Nimeihesabu mwenyewe, mama."

"Basi ni sawa. Wewe mikono yako nimeiangalia."

Sijawahi kupata sifa kubwa kuliko hiyo, na nimeikumbuka sana wiki hizi mbili.

Sasa nifike kule nisikotaka kufika. Siku ya kwanza ulipopotea, jirani alikukuta kwenye mashamba ya chai, umevaa vizuri, una ndizi kwenye kiondo. Ulisema unaenda kwa mama yako na kwamba wameipinda njia. Hukusema umepotea. Ulisema njia imepindwa, na ulikasirika kwa niaba ya kila mtu anayeitumia. Nilikuja Kiriaini jioni hiyo, na nikafanya jambo ambalo bado linanichoma. Nilikuambia cucu alishakufa. Ukabisha. Mimi nikiwa na ushahidi unanijua. Nikakushika mkono, nikakupeleka kwenye kaburi lake, nikakusomea jina lililoandikwa, ambalo ndilo jina langu.

Ulilia kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba saa hiyo. Ulijifunga leso kichwani ukauliza kwa nini hukuambiwa, nani alimuosha, nani alipika. Wiki iliyofuata ulikuwa umesahau, ukataka tena kumpelekea ndizi, nikakupeleka tena kaburini. Mara ya tatu Wangari alikuwa amekuja likizo. Alitusimamisha mlangoni.

"Mami, wewe unataka kushinda ama unataka cucu alale?" akaniuliza, akimaanisha wewe.

Nilimjibu kwamba ukweli ni ukweli. Akasema, "Sawa, ni ukweli. Lakini kila wiki unamuua mamake." Nikakaa chini pale mlangoni na viatu vyangu vya matope.

Tangu siku hiyo nikaacha. Ulipoulizia mama yako, nilikuuliza alikuwa anapika nini, nawe ukaniambia. Ulipoanza kuniita maitu bila mchezo, ukinishika shingo na kusema, "Maitu, usiniache kwa hii nyumba ya watu," nikajibu, "Siendi mahali, mwanangu." Nilijiambia kwamba huu si uongo. Wewe ulikuwa umebadilisha makubaliano ya mwanzo, na mimi nilikuwa nafuata hesabu yako mahali inapoelekea. Nilijiambia hivyo nikijisikia mwerevu, na nadhani pia nilikuwa na haki. Lakini kuna jambo sikulifikiria wakati huo kwa sababu lilikuwa halinihusu. Wewe hukuwahi kuonekana umechanganyikiwa, mama. Sisi ndio tuliochanganyikiwa. Wewe ulikuwa na uhakika.

Hapo ndipo hofu yangu ilipolala. Ukimweka siafu kwenye ukingo wa hiki kiondo chenye mawimbi, atatembea bila kugeuza kichwa, na kwa kila hatua ataapa kwamba anaenda moja kwa moja. Karibu yake kila kitu kimenyooka. Hana namna ya kuruka juu atazame kiondo chote. Watu wa hesabu wanasema angeweza kugundua akichora pembetatu kubwa sana na kupima kona zake kwa uangalifu. Lakini apime na nini, ikiwa kipimo chenyewe kiko kwenye mawimbi hayo hayo?

Wiki mbili zilizopita niliingia kidato cha tatu na mpira wa miguu na chaki. Nilitaka kuwafundisha ile pembetatu ya Nanyuki, kwa sababu wasichana hawa wanapita kwenye lile bango kila wakienda mjini na hawajui ni la nini. Nilipouchukua mpira nikaukuta na mistari ya chaki tayari. Nikaifuta kwa kiganja, nikimlaumu mwalimu wa michezo kimoyomoyo. Somo likaenda vizuri ajabu. Wakacheka nilipotaka wacheke. Mumbi, yule anayekaa dirishani na hutanguliza "ati" kabla ya kila swali, akainua mkono.

"Ati mwalimu, sasa hiyo mia na themanini ni ya ukweli ama ni ya mtihani?"

Nikafurahi. Nikamwambia kwamba ukishakubali yale ya mwanzo, yanayofuata ni ya kweli, uyapende usiyapende, uwe macho au umelala. Ila yale ya mwanzo hayathibitishwi. Unayachagua, na unaishi nayo. Nikaongeza kwamba mtihani nao una makubaliano yake, kwa hiyo aandike mia na themanini. Darasa likacheka tena.

Kengele ilipolia wakatoka, Mumbi akabaki akikunjakunja pembe ya kitabu.

"Mwalimu, usinikasirikie. Hii ya mpira ulitufunza juzi."

"Juzi gani?"

"Jumanne. Yote. Sisi tulinyamaza juu tulifikiri ni kurudia. Hata ile swali nimekuuliza leo niliuliza Jumanne, nikasema wacha nijaribu tena nione." Akanitazama usoni, akaogopa. "Ukanijibu vile vile. Hata ile ya mtihani."

Nilimwambia kwamba marudio ni mazuri kwa mtihani. Akasema ndiyo mwalimu. Nikaenda chooni nikajifungia, nikautazama unga wa chaki kwenye kiganja changu, wa Jumanne na wa Alhamisi pamoja.

Nikajitetea, unanijua. Ni uchovu. Ni mwisho wa muhula. Watu wote husahau, na hata mkuu wa shule alisahau jina la mgeni wake mbele ya wazazi. Nikaanza kujipima. Kila nilipoamka nilithibitisha kwa nini mzizi wa mbili hauwezi kuandikwa kama sehemu, hatua kwa hatua, huku napiga mswaki. Sijakosea hata siku moja. Nikasema, unaona? Lakini wewe nawe, mama, mpaka mwezi wako wa mwisho uliimba nyimbo za kanisa beti zote.

Na sasa kiondo chenyewe. Ulikianza mwaka ule wa mwisho, na hukukimaliza. Kila mtu nyumbani alisema umeharibika mkono. Kitako kilikua kikakataa kulala, ukingo ukajaa mawimbi juu ya mawimbi mpaka kikaonekana kama sukuma wiki iliyokomaa, na wewe uliendelea tu, midomo ikicheza. Wangari alijaribu kukusaidia ukampiga kofi la mkono. Ulipotuachia nguo zako watu wakagawana, kiondo hakuna aliyekitaka, nikakibeba mimi. Mwaka wa tatu sasa kimekaa juu ya kabati. Ukikiweka mezani kinayumba.

Leo nilipotoka kanisani nilikishusha. Sijui kwa nini leo. Nikachukua penseli, nikaanza kuhesabu nyuzi kutoka kitovuni, mzunguko kwa mzunguko, nikitenganisha nyuzi za zamani na zile ulizoingiza. Mzunguko wa tano nikaanza kushuku. Wa kumi nikasimama. Mama, ulikuwa unahesabu! Kila baada ya nyuzi sita umeingiza mpya. Sita, mpya. Sita, mpya. Ulikuwa ukifika kwenye saba mkono unaogopa, unaikwepa kwa kuingiza uzi mwingine, na unaanza upya. Kila mzunguko ukawa na nyuzi nyingi kuliko uliopita kwa uwiano ule ule, na kitako kinachokua hivyo hakiwezi kulala mezani hata ukikiombea. Lazima kipate mawimbi. Nilihesabu mpaka ukingoni, mizunguko yote, na hukukosea hata mmoja. Sisi tukidhani akili yako imemwagika, wewe ulikuwa unafuata kanuni moja kwa uaminifu ambao mimi na diploma zangu sina.

Nilipiga makofi peke yangu jikoni. Nililia kwa furaha. Nikasema lazima niandike hili kabla halijatoka, nikavuta daftari langu la maandalizi, nikafungua kutafuta ukurasa mtupu, na katikati ya kufungua nikaona mchoro wa kiondo.

Ni mwandiko wangu. Tarehe ni ya wiki tano nyuma. Imeandikwa: "Mama alikuwa anahesabu! Sita, kisha mpya. Anakwepa saba. Hajakosea hata mzunguko mmoja." Chini yake nimepiga mstari mara mbili, na pembeni nimeandika, "Nimelia kwa furaha. Mwambie Wangari."

Sikumwambia Wangari. Sikumbuki lolote. Nimeusoma ule ukurasa mara nyingi, nikitafuta hata kivuli cha ile siku, mwanga wa dirishani, kiti nilichokalia, chochote. Hakuna. Kuna mwanamke alikaa hapa akafurahi, na mimi sikuwepo.

Acha niseme kitu kimoja kinachonishika, ingawa hakinipunguzii hofu. Mara zote mbili nilipata sita. Yule wa wiki tano nyuma na huyu wa leo hatukuonana, hatukuambiana, na tumefika mahali pamoja. Kiondo hakikuhitaji nikumbuke. Uliniuliza ukweli ni gani nikakujibu jibu la mwizi. Leo ningekuambia kwamba ukweli wa hesabu ni kile ambacho ningekikuta tena hata nikiwa nimesahau kwamba nilishakitafuta. Ungekipokea, au ungenitupia ganda lingine, sijui.

Alhamisi Wangari anakuja na gari kunipeleka Nyeri kwa daktari. Nimemdanganya kwamba ni presha. Kinywa kinanikataa kumwambia, ndiyo maana nitampa barua hii aisome kabla hatujaondoka, na daftari nalo, lifunguliwe pale penye mchoro. Wangari, mama yangu, ukifika hapa, usilie kwanza, maliza kusoma. Kwa sasa nataka uniangalie mikono. Nikirudia, niambie umerudia. Nikibisha, nionyeshe ushahidi, nami nitakasirika, na wewe usiogope. Bado naweza kuubeba.

Lakini itafika siku nitamtafuta mama yangu. Nitavaa vizuri, nitatia ndizi kwenye kiondo, nitauliza kwa nini njia imepindwa. Siku hiyo Wangari asinipeleke Kiriaini kwenye kaburi lako, mama. Namwomba sana. Nikiuliza mama yuko wapi, anishike mkono ajibu, "Niko hapa." Haitakuwa uongo. Anaitwa Wangari, nilimpa jina hilo nikiwa na akili zangu timamu, na kwetu hilo ni kati ya mambo ya mwanzo ambayo hakuna anayeyathibitisha.

Lala salama, wewe na cucu. Kiondo nakirudisha juu ya kabati. Na kama barua hii nilishakuandikia, mama, usiniambie.

Ni mimi mwanao,
uliyekuwa ukiniita mama.